Majasusi na manesi wanawake wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe Marekani (1861-1865): kazi walifanya, malipo waliambiwa njoo kesho

Leo tuiweke siasa pembeni kidogo, tuingie kwenye historia.

Ukitaja vita, wengi wetu picha inayokuja kichwani ni mwanaume na bunduki. Muvi nazo ndizo zimetuzoesha hivyo. Mwanamke anaonekana dakika mbili, anapunga leso mumewe akipanda treni, halafu humuoni tena mpaka mwisho wa picha. Sasa chukua vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865. Kumbe kuna mama aliyezielekeza boti za jeshi usiku wa manane mpaka watumwa zaidi ya 700 wakatoka utumwani. Kuna mwingine aliyekuwa akimtumia jenerali siri kutoka katikati ya mji mkuu wa adui. Na kuna wanawake zaidi ya 20,000 waliofanya kazi kwenye hospitali za jeshi la Kaskazini peke yake.

Vita vilipokwisha, wengi wao walipokwenda kudai haki yao waliulizwa swali moja tu: karatasi iko wapi?

Nimeipanga makala hii kwa vipengele, ili hata mwanafunzi anayetaka kuiprinti apate mambo yote sehemu moja.

VITA VYENYEWE KWA UFUPI

Abraham Lincoln alishinda urais mwaka 1860. Majimbo ya Kusini yakaanza kujitenga moja baada ya jingine mpaka yakafika 11. Yakaunda serikali yao, rais wao akawa Jefferson Davis na mji mkuu wao ukawa Richmond, Virginia. Risasi zilianza tarehe 12 Aprili 1861, Kusini walipoipiga mizinga ngome ya Fort Sumter kule South Carolina.

Kiini cha ugomvi ni utumwa. Kusini waliishi kwa pamba, mpunga na tumbaku, na waliofanya kazi hiyo walikuwa watu weusi karibu milioni 4 waliomilikiwa kama ng'ombe. Kutoka Washington, mji mkuu wa Kaskazini, mpaka Richmond ni kama kilometa 160 tu, pungufu kidogo ya Dar kwenda Morogoro. Kwa hiyo siri ikivuja asubuhi upande huu, baada ya siku moja mbili iko upande wa pili.

Hata huku kwetu vita hivyo vilifika kwa namna yake. Kitambaa cha merikani, kilichokuwa kikiletwa Zanzibar na meli za kutoka Salem, Massachusetts, kiliadimika kwa sababu pamba ya Kusini ilikwama.

Jenerali Lee wa Kusini alisalimu amri tarehe 9 Aprili 1865. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 620,000 na 750,000. Karibu theluthi mbili yao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya matumbo, malaria na nimonia. Kumbuka hilo, maana ndipo manesi wanapoingia.

KWA NINI WANAWAKE WALIFAA KWA USHUSHUSHU

Sababu ya kwanza ni heshima ya zama zile. Askari kumpekua mwanamke mwilini ilikuwa aibu kubwa, hasa mwanamke mzungu wa familia inayojulikana. Magauni nayo yalikuwa makubwa kama hema, yanaficha barua, dawa, hata bastola.

Sababu ya pili ni dharau. Wakubwa waliamini mwanamke haelewi mambo ya vita, hivyo walizungumza mbele yake bila wasiwasi. Na kwa mtumishi mweusi ndiyo kabisa, alihesabiwa kama kiti au meza. Analeta chai, anaondoa vyombo, huku jamaa wanapanga mashambulizi. Wanaume walijitengenezea tundu wenyewe, kina mama wakapitia hapo hapo.

1. ROSE GREENHOW (KUSINI)

Tuanze na upande wa adui wa Lincoln ili tuwe wa haki. Rose O'Neal Greenhow alikuwa mjane maarufu Washington. Nyumbani kwake waliingia maseneta na maofisa wa jeshi, wanakula, wanacheka, wanaropoka. Julai 1861 alituma ujumbe wa siri kwa Jenerali Beauregard wa Kusini kwamba jeshi la Kaskazini linakuja. Aliyeubeba ni msichana anayeitwa Betty Duvall, ameuficha ndani ya nywele alizozifunga kichwani. Tarehe 21 Julai vita vya kwanza vya Bull Run vikapiganwa, Kaskazini wakakimbia ovyo.

Agosti mwaka huo huo mpelelezi Allan Pinkerton akamkamata. Alifungiwa kwanza nyumbani kwake, halafu gerezani pamoja na bintiye mdogo wa miaka 8. Mwaka 1862 akaachiwa na kupelekwa Kusini, kisha akaenda Ulaya kuitetea Kusini. Tarehe 1 Oktoba 1864, wakati wa kurudi, meli yake ilikwama karibu na Wilmington, North Carolina. Akashuka kwenye mtumbwi ili asikamatwe tena, mtumbwi ukapinduka, naye akazama na dhahabu aliyokuwa ameibeba mwilini. Alizikwa kwa heshima za kijeshi. Mama huyu akafa akitetea utumwa, lakini heshima zake alipewa. Shika hapo, tutarudi.

2. ELIZABETH VAN LEW NA MARY RICHARDS (KASKAZINI)

Elizabeth Van Lew alizaliwa Richmond mwaka 1818, familia ya kitajiri, lakini aliuchukia utumwa. Vita vilipoanza akaomba ruhusa kuwapelekea chakula na vitabu mateka wa Kaskazini kwenye gereza la Libby. Majirani walimnunia, lakini hawakujua kinachoendelea. Mateka walikuwa wanaona mengi njiani wakiletwa gerezani, na taarifa zao zilikuwa zinatoka na huyo huyo mama wa kapu.

Kufikia mwaka 1864 alikuwa na mtandao kamili, weupe na weusi, wenye vituo vitano kutoka Richmond mpaka kwenye mistari ya Jenerali Grant. Ujumbe uliandikwa kwa maji yasiyoonekana, ukipaka maziwa maandishi yanatokea. Ufunguo wa maandishi yake ya siri ulikutwa ndani ya kifuniko cha saa yake baada ya kufa. Miaka yote ile alitembea nao.

Kwenye mtandao huo alikuwepo Mary Richards, ambaye vitabu vingi vinamuita Mary Bowser. Alizaliwa mtumwa kwenye familia hiyo hiyo, akasomeshwa, na mwaka 1855 akapelekwa Liberia, Afrika Magharibi. Akarudi 1860. Wakati wa vita aliingia mpaka kwenye nyumba ya Rais Jefferson Davis kwa gia ya kutafuta nguo za kufua. Fikiria, mwanamke msomi anajifanya hajui kusoma, anapita kwenye ofisi ya rais. Baada ya vita alifundisha shule za watu waliotoka utumwani.

Van Lew alipata nini? Grant alipokuwa rais mwaka 1869 alimteua kuwa mkuu wa posta ya Richmond, kazi nzito sana kwa mwanamke wa wakati ule. Akakaa nayo mpaka 1877. Baada ya hapo mji ukamtenga. Mwaka 1866 alikuwa ameiomba Wizara ya Vita imrudishie ujumbe wote aliotuma, akauharibu, maana anaishi na watu wale wale aliowachunguza. Alikufa mwaka 1900, akiwa ametunzwa na fedha kutoka kwa familia ya Boston ya askari mmoja aliyemsaidia alipokuwa mateka.

3. HARRIET TUBMAN (KASKAZINI): JASUSI, NESI, MPISHI

Huyu mama si mchezo. Alizaliwa mtumwa Maryland, karibu mwaka 1822. Akiwa mtoto alipigwa kichwani na kipande cha chuma kizito, na maisha yake yote akawa anapitiwa na usingizi ghafla. Mwaka 1849 akatoroka. Badala ya kutulia akarudi Maryland mara 13 hivi, akatoa watu wapatao 70.

Mwaka 1862 alipelekwa Beaufort, South Carolina, eneo ambalo Kaskazini walikuwa wamelishika. Mchana alihudumia wagonjwa, weusi na weupe, wenye kuhara damu na homa. Alichemsha mizizi na majani, dawa aliyoijua tangu utotoni. Mwanzoni alikuwa anapewa posho ya chakula kama askari. Watu weusi wenzake wakaanza kunung'unika kwamba anapendelewa. Akaiacha. Jioni akawa anapika mikate na vinywaji vya kuuza ili aishi. Jiulize ni wakubwa wangapi unaowajua wewe wangeikataa posho.

Kazi ya pili ilikuwa ya siri. Aliongoza kikundi cha wapelelezi wapatao tisa, wanaume weusi wa pale pale waliojua mito na vinamasi. Walizungumza na watumwa mashambani, wakajua wapi kuna askari na wapi mabomu yametegwa ndani ya maji. Tubman hakujua kusoma wala kuandika. Taarifa zote zilikaa kichwani.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 1863 akaingia Mto Combahee na Kanali James Montgomery na askari weusi wa South Carolina. Boti zilikuwa tatu, moja ikakwama njiani, mbili zikaendelea zikiyakwepa mabomu. Askari wakashuka, wakachoma maghala na mashamba ya mpunga. Watumwa waliposikia honi za boti wakatoka mbio, huyu na mtoto mgongoni, yule na sufuria ya chakula bado inafuka moshi. Zaidi ya 700 wakavuka kwenda kwenye uhuru usiku ule, na wanaume wengi kati yao wakaingia jeshini.

Mwezi uliofuata, baada ya shambulio la Fort Wagner ambapo askari weusi wa kikosi cha 54 cha Massachusetts walikufa wengi, Tubman alikuwepo kuwahudumia majeruhi.

Safari yake ya kurudi nyumbani mwaka 1865 ndiyo inaumiza. Kwenye treni konda aligoma kuitambua tiketi yake, akamwambia ahamie behewa la wavuta sigara. Alipokataa wakamburuta, wakamuumiza mkono. Vita ameshinda, kiti amekosa.

4. MANESI: DIX, BARTON NA SUSIE KING TAYLOR

Kabla ya vita hivi, nesi wa jeshi la Marekani alikuwa mwanaume, mara nyingi askari anayeuguza afya yake mwenyewe. Juni 1861 Dorothea Dix akateuliwa kuwa msimamizi wa manesi wanawake. Masharti yake yalikuwa makali: umri kati ya 35 na 50, sura ya kawaida, nguo za rangi ya kahawia, kijivu au nyeusi, bila mapambo, bila nywele za kusokotwa. Aliogopa madaktari na askari waseme wamekuja kutafuta wachumba. Mshahara ulikuwa senti 40 kwa siku na chakula, yaani kama dola 12 kwa mwezi. Askari wa chini alipata dola 13.

Mazingira ya kazi sasa. Elimu ya vijidudu ilikuwa haijafika kwa madaktari. Daktari anakata mguu wa huyu, anafutia kisu kwenye aproni, anakwenda kwa mwingine. Manesi wengi walipata homa ya matumbo kutoka kwa wagonjwa wao. Kilichookoa maisha zaidi kilikuwa vitu vya kawaida: supu, shuka safi, maji, mtu wa kukugeuza kitandani.

Clara Barton yeye hakutaka kuwa chini ya mtu. Alikuwa karani Washington, akakusanya bandeji na vyakula, akapeleka kwa mkokoteni hadi mstari wa mbele. Antietam, tarehe 17 Septemba 1862, risasi ilipenya mkono wa gauni lake ikamuua majeruhi aliyekuwa anamnywesha maji. Baada ya vita alifungua ofisi ya kutafuta askari waliopotea, akajua hatima ya zaidi ya 22,000. Mwaka 1881 akaanzisha Msalaba Mwekundu wa Marekani.

Huyu mwingine wengi hatumjui. Susie King Taylor alizaliwa mtumwa Georgia mwaka 1848. Kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai, kwa hiyo yeye na wenzake walikwenda shule ya siri wakiwa wamevifunga vitabu kwenye karatasi ili polisi wasivione. Mwaka 1862 familia yake ikakimbilia kwa Kaskazini. Akiwa na miaka 14 tu akapewa shule ya kufundisha. Akaolewa na sajenti Edward King, akafuatana na kikosi cha askari weusi kwa miaka zaidi ya minne. Kwenye daftari aliandikwa dobi. Kwa vitendo alifua, aliuguza, alifundisha askari kusoma jioni, na alijua kufungua bunduki, kuisafisha na kuifyatua. Mshahara? Hakulipwa hata dola moja.

5. WALIOVAA SURUALI: EDMONDS NA WALKER

Sarah Emma Edmonds alitoka Kanada, akajiita Franklin Thompson, akaingia kikosi cha pili cha Michigan kama mwanaume. Aliuguza wagonjwa na kubeba barua, na kwenye kitabu chake alisimulia pia kazi za ujasusi. Mwaka 1863 malaria ikambana. Akienda hospitali atagundulika, kwa hiyo akatoroka, na jeshi likamuandika mtoro.

Dk. Mary Walker alikuwa daktari kamili. Aprili 1864 Kusini walimkamata, wakamfunga miezi minne Richmond, kisha akabadilishwa na daktari wao aliyekuwa mateka Kaskazini. Mwaka 1865 akapewa Nishani ya Heshima, na mpaka leo ni mwanamke pekee aliyewahi kuipata.

6. SASA TUJE KWENYE MKWANJA

Mwaka 1892, miaka 27 baada ya vita, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya pensheni ya manesi: dola 12 kwa mwezi. Sharti ni uwe umefanya kazi miezi sita na uwe umeajiriwa kihalali na mamlaka ya jeshi. Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Lakini wanawake weusi wengi waliandikwa wapishi au madobi hata kama usiku kucha walikuwa wanakesha na wagonjwa. Dobi hana pensheni. Kwa neno hilo moja Susie King Taylor akakosa.

Wengine ilikuwa hivi:

- Edmonds: askari wenzake wa zamani walimtolea ushahidi. Mwaka 1884 Bunge likampa dola 12 kwa mwezi, na mwaka 1886 jina la mtoro likafutwa.

- Walker: mwaka 1917 jeshi lilifuta nishani yake pamoja na za watu wengine zaidi ya 900, kwa sababu hakuwa askari rasmi. Akagoma kuirudisha, akaendelea kuivaa mpaka alipokufa mwaka 1919. Ilirudishwa rasmi 1977.

- Tubman: kwa miaka mitatu ya vita alilipwa dola 200 tu, na fedha hizo alizitumia kujengea nyumba ya kufulia ili wanawake waliotoka utumwani wapate kazi. Aliendelea kudai zaidi ya miaka 30. Mwaka 1895 alianza kupata dola 8 kwa mwezi, lakini kama mjane wa askari, mumewe Nelson Davis. Mwaka 1899 ikapandishwa hadi dola 20, safari hii unesi ukatajwa. Ujasusi na uongozi wa wapelelezi haukulipwa. Alikufa tarehe 10 Machi 1913 huko Auburn, New York.

Halafu angalia serikali ilivyo. Mwaka 2003, miaka 90 baada ya kifo chake, Bunge lilitoa dola 11,750 kwa nyumba yake ya kumbukumbu kufidia pensheni aliyopunjwa. Novemba 2024 jimbo la Maryland likampa cheo cha Brigedia Jenerali. Hongera zimefika, mwenyewe hayupo.

TUNAJIFUNZA NINI

Tatizo lenyewe ni hili. Jasusi mzuri haachi karatasi. Akiacha, ananyongwa. Tubman aliweka kichwani, Van Lew aliharibu ujumbe wake, Mary Richards alibadili majina. Karani wa pensheni naye kazi yake ni karatasi. Kwa hiyo kile kilichowafanya waaminike kwenye vita ndicho kilichowanyima haki baada ya vita. Kwa wanawake weusi ikaongezeka na rangi, maana hata kazi ya wazi ya hospitali waliandikiwa jina la kazi nyingine. Linganisha na Rose Greenhow aliyezikwa kwa heshima za kijeshi, mtaona namaanisha nini.

Susie King Taylor hakusubiri. Mwaka 1902 aliandika kitabu chake mwenyewe cha maisha ya kambini, akalipa gharama za kukichapa. Alikufa 1912 bila pensheni ya unesi, lakini leo tunajua kikosi chake kilikula nini, nani aliumwa, nani alijifunza kusoma, kwa sababu yeye aliandika.

Kwa hiyo kama kwenu kuna bibi au shangazi aliyewahi kupika kambini, kuficha mtu au kubeba ujumbe kwenye vita au harakati yoyote, kaa naye chini umuulize. Andika jina, mahali na mwaka, hata kwenye daftari la shule. Karani hatakufanyia kazi hiyo.

Mwenye nyongeza au masahihisho aweke hapo chini, tuelimishane bila matusi. Nawasilisha.